Sauti Isiyo na Kufuli

"Mtandao umeshuka," karani alisema bila kuinua macho, na watu zaidi ya mia waliokuwa kwenye foleni ya vitambulisho vipya wakaguna kwa pamoja.

Ilikuwa saa nne asubuhi. Mashine ya kuchukua alama za vidole ilikuwa imezimika kwa mara ya tatu, na binadamu tunajuana, foleni ikisimama midomo hutembea. Mzee mmoja mwenye koti akasema hiyo ni hujuma, wakubwa hawataki watu wajiandikishe kupiga kura. Mama aliyekalia ndoo yake akasema hujuma ya wapi, hao wamenunua kompyuta za mtumba tu. Wa tatu akadakia kwamba wenzetu duniani wameshafika kwenye akili bandia, sisi bado tunahangaika na vidole.

"Kompyuta hazina ubaya," alisema mwanamume mmoja mrefu, mwembamba, aliyechomeka bisibisi kwenye mfuko wa shati pale ambapo wengine huchomeka kalamu. "Ubaya ni ule mfumo unaoziendesha. Wameweka ule wa kulipia, Madirisha. Unakaa, unafanya kazi yako, mara linaanza kujiboresha lenyewe bila kumuuliza mtu. Wangeweka mfumo huru, ule wenye nembo ya ndege pengwini, saa hizi tungekuwa makwetu tunakunywa chai."

"Ule wa bure?"

Aliyeuliza alikuwa mbele yake. Aligeuka taratibu. Alivaa gauni la rangi ya haradali lenye vifungo vyeupe kutoka kifuani hadi magotini, na shingoni alijifunga kitambaa cha hariri, joto lote lile.

"Ndiyo, wa bure. Umeandikwa na watu wa dunia nzima, kila mtu anauona ndani, kila mtu anautumia."

"Kitu cha kila mtu si cha mtu," mwanamke akasema. "Siku kikiharibika, unamlilia nani?"

Foleni ikacheka, lakini yule fundi wa bisibisi hakucheka. Sauti ile aliijua. Ilikuwa nzito kidogo, tulivu, inayoshuka polepole mwishoni mwa kila sentensi, na kwa miaka mitano ndiyo iliyomwamsha kila siku kwa taarifa ya habari ya saa moja.

"Wewe ni Kinanda," alisema. "Wa redioni."

"Na wewe ni nani? Msemaji wa ndege?"

Basi jina likamkaa. Tangu siku ile yeye akawa Pengwini, na mtandao uliporudi saa saba mchana walikuwa wameshabishana kuhusu kompyuta, kuhusu serikali, kuhusu kama mashine itakuja kuwanyang'anya watu kazi, na walikuwa wameshapeana namba. "Kompyuta za kituoni kwetu nazo zinazimikazimika," alimwambia wakiagana. "Njoo na hao ndege wako tuwaone." Akakohoa kidogo, akakaza kitambaa chake. Pengwini hakuuliza sababu ya kukohoa. Huyu bwana kuuliza hakukuwa kipaji chake, na hilo likumbukeni.

*

Kituo cha redio kilikuwa vyumba viwili juu ya duka la magodoro. Kuta za studio zilikuwa zimebandikwa vipande vya sponji ya magodoro hayohayo, na kiyoyozi kilidondosha maji kwenye beseni, kwa hiyo kila kipaza sauti kikiwashwa lazima kiyoyozi kizimwe, msomaji asome huku jasho linamtiririka. Meneja alikuwa mtu mfupi, mchangamfu, mpenda maneno makubwa. "Mapinduzi ya kidijitali," alimwambia Pengwini huku akimkaribisha, "yatatukuta tumejiandaa."

Pengwini aliweka mfumo wake huru kwenye kompyuta mbili. Ya tatu ilikuwa ya Kinanda, naye aliikalia kama kuku anayelalia mayai.

"Hii huigusi. Madirisha yangu yaache."

"Nione tu ndani."

"Ina neno la siri. Na ndani ya neno la siri kuna neno la siri lingine."

"Mpenzi msikilizaji, unaficha nini?"

"Sifichi. Nafunga. Mama yangu ni mwenyekiti wa tawi la chama, ana kufuli kwenye sanduku la majina ya wanachama na kufuli kwenye kabati la vikombe. Nimekua najua chako ni chako, cha mwenzio si chako."

"Kwetu tulikuwa tisa chumba kimoja, mlango hauna komeo. Sijawahi kuibiwa hata siku moja."

"Hamkuwa na cha kuibiwa, mwenzangu."

Alicheka mpaka bisibisi ikamdondoka. Naam, kupenda kwao kulianzia kwenye ubishi na kukanenepea humo. Pengwini alisema kufuli ni tusi kwa jirani; mwanamke akasema jirani mwema hakasirikii kufuli. Mwanamume alisema atapigia kura chama kitakachofungua programu ya kuhesabu kura kila mtu aione. Mwanamke akamwambia basi atakufa hajapiga. Pengwini alipopelekwa kutambulishwa, Mama Kinanda alimpima kuanzia viatu, akamuuliza yuko upande gani. Akajibu hana upande. "Asiye na upande, mwanangu," mama akasema huku akimmiminia chai, "huanguka pande zote." Lakini chai alimmiminia mpaka juu, na binti akaelewa kwamba mgeni amepita.

Kila asubuhi, habari zikiisha, simu ya Pengwini iliita.

"Umeamka, Pengwini wangu?"

"Nimeamka na wewe."

"Nimesomaje?"

"Vizuri. Ila umekosea jina la waziri."

"Sijakosea. Wamembadilisha jana jioni, wewe ulikuwa unaongea na ndege."

Ndiyo mapenzi hayo. Watu hutafuta makubwa, kumbe mtu huishi kwa sentensi moja ya asubuhi.

*

Siku moja sentensi hiyo ilikatika katikati. "Umeamka, Pengwi..." kisha kimya, kisha kikohozi kirefu. Jioni Pengwini alimbana mpaka akasema. Daktari alikuwa ameona vinundu kwenye nyuzi za sauti. Anyamaze mwezi mzima, kimya kabisa, hata kunong'ona marufuku. Asiponyamaza, ni upasuaji, na upasuaji hauahidi kurudisha sauti ileile.

"Basi nyamaza."

"Uchaguzi umebaki wiki sita. Nikinyamaza mwezi, Meneja atamkalisha mpwa wake kwenye kiti changu, na kiti hakikai kinakungoja. Mama ananitegemea. Mimi sauti ndiyo jembe langu, laazizi. Nikiliweka chini, nalima na nini?"

Kichwani mwa Pengwini pakawaka taa. Kama ningekuwapo ningemshika mkono. Kituoni kulikuwa na rekodi za habari za miaka mitano, maelfu ya saa za sauti ya Kinanda, safi, bila muziki. Na siku hizi kuna programu, huru na za bure vilevile, zinazosikiliza sauti ya mtu mpaka zikaweza kuongea kama yeye. Unaandika maneno, mashine inasema. Alipiga hesabu zake: ataifundisha mashine sauti ya Kinanda, mashine itasoma hali ya hewa na matangazo ya vifo na ratiba, Kinanda atakaa kimya mwezi wake, kiti kikiwa bado chake. Siku ikikamilika atamkalisha studio, aibonyeze, amtazame anavyoshangaa. Halafu atatoa kiboksi kidogo chekundu cha pete alichokwisha kukinunua.

Alitaka kumshtukiza. Kwa hiyo hakumuuliza.

Kompyuta yake ya nyumbani haikuwa na nguvu za kutosha. Alitumia ya kituoni, saa za mapumziko ya mchana wafanyakazi wakishuka kula. Wiki tatu alikosa chakula cha mchana na kudai anafunga. Siku mashine ilipotamka kwa mara ya kwanza, "Habari za asubuhi, mpenzi msikilizaji," kwa sauti ileile nzito inayoshuka mwishoni, machozi yalimtoka. Akaitungia na sentensi ya pili, ya kwake mwenyewe: "Umeamka, Pengwini wangu?" Ikasema, bila kukohoa.

Kisha akaiweka kwenye folda, akaiandika KINANDA, akaondoka. Hakuweka neno la siri. Hakusahau, jamani, angekuwa amesahau ningemtetea. Aliona ni aibu kufunga zawadi. Mtu aliyekulia chumba kisicho na komeo alikiacha kitu kile wazi, kwenye kompyuta ya watu, wiki tatu kabla ya uchaguzi.

Ilikuwa Ijumaa. Jumapili ndiyo aliyopanga kumwonesha.

*

Jumamosi asubuhi Kinanda alikuwa barazani kwa mama yake, amekubali hatimaye kupumzika siku mbili tu, anasukutua kwa maji ya uvuguvugu na chumvi. Mama alikuwa ndani na wajumbe watano wa tawi, wanagawana mitaa ya kupitia kuomba kura. Redio ilikuwa imewashwa kama ilivyo desturi ya nyumba hiyo.

"Habari za asubuhi, mpenzi msikilizaji," redio ikasema.

Kinanda akashusha kikombe. Mwanzoni alidhani ni rekodi ya zamani.

"Habari zilizotufikia hivi punde ni kwamba mgombea wa jimbo amejitoa katika kinyang'anyiro..."

Mgombea aliyetajwa ndiye waliyekuwa wanamwombea kura. Wajumbe wakatoka nje mmoja mmoja. Mama akatoka wa mwisho. Alimtazama binti yake aliyeketi pale na kikombe cha chumvi mkononi, midomo imefumba, akaitazama redio ambamo binti yuleyule alikuwa anaendelea kusoma kwa utulivu, hakosei hata nukta.

"Ulirekodi lini?" mama aliuliza.

Kinanda akatikisa kichwa.

"Nakuuliza wewe, mwanangu. Hii ulirekodi lini?"

Hapo ndipo alipofungua kinywa. Akasema si yeye. Akasema tena kwa wajumbe. Saa mbili na nusu watu walikuwa wamejaa getini, wengine wapenzi wa mgombea, wengine wapenzi wa vurugu, na yeye akasimama juu ya kiti akawaambia si yeye, huku kila neno alilotamka likithibitisha kwamba ni yeye, kwa maana sauti ilikuwa ileile. Akampigia Meneja, akapiga kelele. Akapiga kelele getini tena. Kufikia adhuhuri, alichomkataza daktari kwa mwezi mzima alikuwa amekifanya kwa asubuhi moja.

Pengwini aliisikia taarifa akiwa kibandani kwake. Alikimbia mpaka kituoni, akapanda ngazi mbilimbili. Meneja alikuwa anajifuta jasho.

"Nilidhani ni mali ya kituo," alisema, na sidhani kama alisema uongo wote. "Iko kwenye kompyuta ya kituo. Haina hata neno la siri. Mtu wa kampeni akaleta tangazo, akasema limethibitishwa, Kinanda hayupo, nikaona... Wewe si ndiye unayesema kila kitu kiwe wazi?"

Pengwini aliinakili folda kwenye kifaa chake kidogo cha kuhifadhia, akaifuta mbele ya Meneja, akaenda.

Alimkuta barazani, watu wameshatawanyika, kitambaa cha hariri kiko chini. Mama alisimama mlangoni na hakumkaribisha.

"Ni mimi niliyeitengeneza," Pengwini alisema. "Lakini si mimi niliyeitangaza."

"Walikulipa?" Ilitoka hewa tupu, sauti ikiwa mbali ndani yake.

"Sikuuza. Ilikuwa yako. Zawadi. Ili upumzike kinywa, kiti kibaki chako. Nilitaka kukushtukiza."

Kinanda akanong'ona, na ilimbidi Pengwini asogee ili asikie.

"Siku ya kwanza kwenye foleni ulilalamika nini? Madirisha linajiboresha bila kumuuliza mtu. Ulikasirika kweli. Nikakupendea hapo." Akapumua. "Mimi hukuniuliza."

"Ungekataa."

"Ningekubali. Ungeniuliza tu, ningekupa. Ningekaa nikakusomea maneno yote ya kamusi."

Mama akaja, akamshika binti yake mabegani, akamwingiza ndani. Kufuli ya mlango ikasikika.

*

Nisiseme Pengwini hakuhangaika. Alikwenda tume ya uchaguzi na kompyuta yake mkononi, akawaonesha wazee watatu wenye miwani jinsi mashine inavyosema kwa sauti ya mtu ambaye hayupo. Wakashangaa, wakaandika, na siku ya tatu tangazo likakanushwa, jina la Kinanda likasafishwa. Meneja aliita jambo lile "hitilafu ya kiteknolojia" na akaendelea na umeneja wake. Mgombea akashindwa, labda angeshindwa vyovyote vile. Mama Kinanda alivuliwa uenyekiti kwa kura mbili. Na Kinanda akazima laini yake ya simu, akapelekwa kwa dada yake mji mwingine kufanyiwa upasuaji.

Kila siku Pengwini alipiga namba ile ya zamani. Kila siku haikuita. Kile kifaa kidogo alijiambia anakitunza kama ushahidi, na wiki ya kwanza ilikuwa kweli. Wiki ya pili ushahidi haukutakiwa tena na mtu. Asubuhi moja, chai ikiwa inapoa, alikichomeka, akavaa visikilizio.

"Umeamka, Pengwini wangu?"

"Nimeamka na wewe," akaijibu.

Mjue mtu akishajibu mashine mara moja, mara ya pili haimpi tabu. Akawa anaiandikia vitu vingine. *Nimesomaje? Umekula? Nimekusamehe.* Hiyo ya mwisho aliicheza mara nyingi. Ilikuwa inaisema vizuri sana.

Kule mbali, mwezi wa pili baada ya upasuaji, daktari alimwambia Kinanda sasa unaweza kuongea, maneno machache kwa siku. Dada yake na mama yake walikaa kitandani wakingoja waongeleshwe. Yeye akaomba simu mpya, akatoka uani. Namba ya Pengwini aliijua kwa kichwa. Maneno yake ya kwanza alikuwa ameyatunza siku sitini.

Simu iliita asubuhi, wakati Pengwini ana kisikilizio sikioni na mashine iko katikati ya sentensi. Namba ngeni. Akakitoa kisikilizio kwa kero, akapokea.

"Umeamka?" ilisema sauti ya kukwaruza, kama kiti kinachoburutwa sakafuni.

"Nani mwenzangu?"

Macho yake yalikuwa bado kwenye kioo.

"Halo? Nani mwenzangu?"

"Samahani," sauti ikasema. "Nimekosea namba."

"Haidhuru," akajibu, akarudisha kisikilizio chake.

*

Kibanda cha Pengwini kilikuwa kwenye korido ya ghorofa ya pili ya jengo kuukuu, katikati ya fundi viatu na mwanamke anayeshona sare za shule. Mchana mmoja, miezi mitano tangu ile Jumamosi, alikuwa amefunua tumbo la kompyuta ya mteja alipoona vifungo vyeupe.

Gauni lilikuwa lilelile la haradali. Kitambaa cha shingoni hakikuwapo. Yeye mwenyewe alikuwa amepungua kidogo, na alisimama mlangoni kama mtu aliyeleta kitu kitengenezwe.

Hapa nawaambia jambo ambalo Pengwini hakulijua. Gauni hilo lilipigwa pasi mara mbili asubuhi ile. Ndani ya basi alikuwa ameshaweka nia: nitamwambia aifute ile sauti ya mashine, aliyoionesha tume. Akiifuta bila neno, nitakaa kwenye kile kistuli chake nimwambie Jumapili aje kwa mama, mama ameanza kumuulizia. Alikuwa ameshamsamehe tangu kwenye meza ya upasuaji. Alitaka kuona kitu kimoja tu.

"Keti," Pengwini alisema, na mikono ikawa haijui iende wapi. "Keti, mama. Nikuletee maji? Nimekupigia mpaka vidole vikaota sugu. Niliandika barua, dada yako hakuniambia unakaa mtaa gani..."

"Nimekuja ufute," Kinanda alisema.

Pengwini akaisikia sauti yake. Uso wake ukajikunja kitambo kidogo sana, akaurudisha mahali pake, lakini mwanamke alikuwa ameuona.

"Ndiyo inavyosikika sasa," alimwambia. "Daktari anasema imeshakaa hivyo. Nafundisha watoto kusoma, hawajali. Na ulishaisikia. Nilikupigia siku niliyoruhusiwa kuongea. Ukaniuliza nani mwenzangu."

Pengwini akakaa yeye kwenye kistuli.

"Ulikuwa wewe."

"Nilikuwa mimi."

"Nisamehe. Nilikuwa..." Hakuweza kusema alikuwa anasikiliza nini. "Nisamehe, Kinanda."

"Kinanda amestaafu. Fungua hicho kitu."

Akachomeka kifaa. Kwenye kioo pakatokea kisanduku cha kudai neno la siri, naye akaliandika haraka.

"Umeweka kufuli," mwanamke akasema.

"Nilijifunza."

"Ulijifunza kufunga. Umejifungia na nani humo?"

Alisema kwa utani, ule utani wao wa zamani, na kwa kitambo kidogo korido yote ilikuwa nyepesi. Cherehani ya jirani ilikuwa inakwenda. Folda ilikuwa pale, KINANDA, na mfumo ukauliza kama ulivyo ustaarabu wake: una hakika unataka kufuta? Ndiyo, au Hapana. Kidole cha Pengwini kilikuwa juu ya Ndiyo.

Bonyeza, bwana wewe. Bonyeza.

"Nibaki na sentensi moja tu?" aliuliza. "Ile ya asubuhi. Hiyo tu. Zingine zote nifute."

Mbele yake, hatua moja na nusu, kilikuwa kimesimama kinywa kilichoitunga sentensi hiyo. Angeweza kuisikia kesho asubuhi, na kesho kutwa, na mpaka wazeeke, ikikwaruza. Hakukiomba hicho kinywa. Aliomba kile cha kwenye folda.

Mwanamke hakukasirika. Ingekuwa heri angekasirika. Alitabasamu kidogo, akainama, mkono wake ukapita juu ya mkono wa mwanamume, akabonyeza mwenyewe. Kioo kikabaki cheupe.

"Safari hii umeuliza," alimwambia. "Ila umeuliza sicho."

"Kinanda. Ngoja. Sikuwa na maana..."

"Najua hukuwa na maana. Hujawahi kuwa na maana mbaya, hilo nakushuhudia hata mbele ya mama." Akarekebisha kifungo kisichokuwa na kasoro. "Kaa salama, Pengwini wangu."

Akaondoka. Viatu vyake vilisikika kwenye korido, kisha kwenye ngazi. Pengwini alibaki amekaa, kioo cheupe mbele yake, na alikaa hivyo muda ambao mtu mwenye akili angekuwa ameshafika barabarani. Majuto yana tabia hiyo, yanakuja yakiwa na maelezo kamili. Alifungua droo ya skrubu, akatoa kile kiboksi chekundu, akakirudisha. Halafu akakumbuka: namba. Ile namba ngeni ya asubuhi ile, ingali kwenye simu.

Kwenye ngazi ya chini kabisa, Kinanda alikuwa amesimama. Alikuwa ametoa simu yake, anaitazama. Alijijua. Akipigiwa sasa hivi, akisikia jina lake tu, atapanda ngazi zile zote tena, akakae kwenye kile kistuli, na kila asubuhi atakayomwamsha akiwa mkewe atajiuliza mwenzake angependa kuamshwa na sauti ipi. Akaizima, akaitia mkobani, akatoka kwenye jua.

Juu, Pengwini alirudi nyuma kwenye orodha ya simu, siku baada ya siku, mpaka akaiona. Iliyopokelewa, sekunde kumi na saba. Akaipiga, akasimama, akajiandaa kusema lile alilopaswa kuuliza tangu zamani.

"Mteja unayempigia hapatikani kwa sasa," sauti ikamjibu. "Tafadhali jaribu tena baadaye."

Ilikuwa sauti ya mwanamke, laini, imetulia, haina mkwaruzo hata mmoja. Aliisikiliza mpaka mwisho, akajaribu tena.